Programu Zinazogomeshwa na Masharti
Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa kompyuta, Shella, Malindi

Mada niliyopewa ni kavu, kwa hiyo sitazunguka sana kabla ya kuiingia.

Fundi wa kompyuta amezoea hitilafu za aina mbili. Kuna ile ya mwandishi wa programu: amegawa kwa sifuri, au ameita faili ambalo halipo. Na kuna ile ya mashine: diski imekufa, umeme umekatika, mtandao umeanguka. Leo nazungumzia ya tatu, ambayo wengi huihesabu kuwa mojawapo ya hizo mbili na kupoteza siku nzima wakiitafuta pasipokuwa pake. Programu ni nzima na mashine ni nzima. Jana zilifanya kazi pamoja. Leo programu inakatika ikilalamika kwamba njia iliyotumika kusimba data si miongoni mwa zilizoidhinishwa. Hakuna kilichoharibika hapo. Kuna mtu amekataza.

Mfano ulio wazi uko kwenye Windows. Ndani ya rejista yake mna mahali paitwapo FipsAlgorithmPolicy. Thamani ya hapo ikiwa 0, hakuna neno. Ikiwekwa 1, programu nyingi zilizoandikwa kwa .NET ya zamani zinakoma pale zinapofika kwenye mstari unaoita algoridhimu ya MD5, na ujumbe unaotokea husema kwamba utekelezaji huo haumo katika algoridhimu za Windows zilizothibitishwa kwa FIPS. Kompyuta ya namna hiyo inaweza kutufikia kwa njia nyingi. Pengine ilitolewa msaada na shirika lililoiandaa kwa masharti ya serikali ya Marekani, pengine ni mtumba kutoka ofisi iliyofungwa, pengine iko chini ya msimamizi wa mtandao aliye Nairobi ambaye amebadilisha sera ya mashine zote kwa amri moja. Mwenye nyumba ya wageni pale ufukweni hana habari na lolote kati ya hayo. Anachojua ni kwamba programu ya kuandikisha wageni ilifunguka Ijumaa na Jumamosi ikagoma.

FIPS ni viwango vya serikali ya Marekani vya uchakataji wa habari, na namba inayotuhusu ni 140. Toleo la 140-1 lilitoka 1994, la 140-2 Mei 2001, na la 140-3 liliidhinishwa Machi 2019. Mwenye viwango hivyo ni NIST, taasisi ya viwango ya huko, na kazi ya kuthibitisha huifanya pamoja na Kanada. Sharti lenyewe si refu: idara ya serikali ya Marekani hairuhusiwi kulinda habari zake nyeti kwa moduli ya usimbaji ambayo haijapimwa na maabara iliyotambuliwa na kupewa cheti. Tena cheti hicho hakipewi algoridhimu peke yake. Hupewa moduli, yaani kipande fulani cha programu au kifaa, cha toleo fulani, kilichojaribiwa juu ya mashine za namna fulani.

Hilo la mwisho ndilo linalowavuruga mafundi, nami nitakaa hapo kidogo. Katika .NET ya zamani mna madarasa mawili yanayotoa SHA-256: moja linaitwa SHA256Managed, jingine SHA256CryptoServiceProvider. Yape faili lile lile, na majibu yatafanana herufi kwa herufi, kwa sababu hesabu ni ile ile. Lakini kwenye mashine iliyofungwa kwa FIPS, la kwanza linakataliwa na la pili linakubaliwa. Kisa ni kwamba la pili linaikabidhi kazi moduli ya Windows yenyewe, ambayo ina cheti, na la kwanza limeandikwa upya pembeni na halijapelekwa maabara. Kijana anayedhani tatizo ni udhaifu wa algoridhimu atabadilisha SHA-256 kuwa SHA-512 ya aina ile ile ya Managed, atakataliwa tena, na ataapa kwamba kompyuta ina pepo. Microsoft wenyewe waliliona hilo, na katika .NET Framework 4.8, ya 2019, wakafanya madarasa ya aina hiyo yapeleke kazi kimya kimya kwenye moduli ya mfumo badala ya kugoma.

Basi kuidhinishwa ni jambo moja na kuwa salama ni jingine, na yanaachana pande zote mbili. Mwaka 2006 NIST iliingiza katika mwongozo wake kizalishi cha namba za nasibu kiitwacho Dual_EC_DRBG. Mwaka uliofuata Dan Shumow na Niels Ferguson, waliokuwa Microsoft, walionyesha kwamba aliyechagua namba za msingi za kizalishi hicho angeweza kuwa na mlango wa nyuma. Hakikuondolewa. Ilibidi nyaraka za siri za ujasusi wa Marekani alizovujisha Edward Snowden zitoke 2013 ndipo NIST ikatangaza 2014 kwamba inakiondoa. Kwa miaka hiyo yote kilikuwa halali kabisa. Upande wa pili, Argon2 ndiyo iliyoshinda mashindano ya kimataifa ya njia za kuhifadhi nywila mwaka 2015, na wataalamu wengi huipendekeza, lakini haimo katika orodha ya zilizoidhinishwa. Sisemi haya ili mdharau viwango. Nasema ili mtu akikuuliza, “Je, programu hii ni salama?” usimjibu kwa kumwonyesha cheti, na akikuuliza, “Je, inakidhi masharti?” usimjibu kwa kumsifia hesabu zake.

Mtauliza Marekani inaingiaje Shella. Nyinyi wa pwani hii mnaijua Ngomeni. Waitaliano waliweka majukwaa yao baharini huko, na kati ya Aprili 1967 na Machi 1988 roketi za Scout, zilizotengenezwa Marekani, ziliruka kutoka hapo. Mojawapo, tarehe 12 Desemba 1970, ilibeba setilaiti ya kuchunguza eksirei za angani, ikapewa jina Uhuru kwa kuwa ilikuwa siku ya Kenya kuadhimisha uhuru wake. Roketi zimo katika orodha ya silaha ambazo Marekani haiziachi zitoke nje bila kibali. Kinachowashangaza vijana ni kwamba hadi 1996 programu ya kusimba barua ilikuwa katika orodha hiyo hiyo. Phil Zimmermann alitoa programu yake ya PGP mwaka 1991, ikaenea duniani, akachunguzwa na serikali hadi Januari 1996 ilipoachana naye bila mashtaka. Katikati ya uchunguzi huo MIT Press walichapa msimbo wote wa PGP kama kitabu, kwa kuwa kitabu hakikuhitaji kibali cha silaha. Mtu aliweza kukinunua Ulaya, kukipitisha kwenye skana, na kuwa na “silaha” yake mezani. Mimi kisa hiki hunichekesha kila nikikisimulia.

Enzi hizo Netscape ilikuwa na matoleo mawili, la Wamarekani lenye ufunguo wa biti 128 na la sisi wengine lenye biti 40. Masharti yalilegezwa sana Januari 2000, lakini alama zake zilibaki ndani ya programu kwa miaka mingi. Aliyeandika programu za Java Nairobi au Mombasa katika muongo wa 2010 anaukumbuka ujumbe uliosema ukubwa wa ufunguo si halali, kila alipojaribu AES ya biti 256. Ufunguo haukuwa na kasoro. Java ilikuwa ikisambazwa na faili za sera zilizoishia biti 128, na ilikulazimu kupakua faili nyingine na kuziweka kwa mkono. Kuanzia Java 8u151, Oktoba 2017, ikatosha kuandika crypto.policy=unlimited katika faili la usalama, na kuanzia 8u161, Januari 2018, hata hilo halikuhitajika tena. Kwa hiyo ukikutana na hitilafu hiyo leo kwenye seva ya zahanati au ya chama cha akiba, jambo la kwanza linalokuambia ni kwamba Java iliyomo ni ya zamani, na dawa ni kuihuisha, si kupunguza ufunguo.

Na mabaki hayo hayakuwa usumbufu tu. Machi 2015 watafiti walitangaza shambulio waliloliita FREAK: seva nyingi zilikuwa bado zinakubali funguo za RSA za biti 512 zilizobuniwa kwa ajili ya kuuzwa nje katika miaka ya 1990, na mshambuliaji aliyekaa njiani aliweza kuvilazimisha vivinjari kuzitumia, kisha akazivunja. Udhaifu uliokusudiwa wageni ukawapata wenyewe waliouweka.

Sasa tuje kwenye kutengeneza.

Kabla hujagusa kitu, uliza kama kuna yeyote aliyelitaka sharti la FIPS. Kwenye kompyuta ya duka, au ya nyumba ya wageni isiyo na mkataba na serikali ya Marekani, mara nyingi jibu ni hapana. Hapo rudisha ile thamani ya rejista kuwa 0, washa upya, uende zako, na usijione umefanya uhalifu. Microsoft walieleza mwaka 2014 kwamba hawapendekezi tena watumiaji wa kawaida kuwasha hali ya FIPS, kwa kuwa huvunja programu bila kuwaongezea usalama wa maana. Kwa .NET inawezekana pia kuizimia programu moja tu, kwa kuandika enforceFIPSPolicy kuwa false katika faili lake la usanidi, na sehemu nyingine ya mashine ibaki ilivyo. Lakini ikiwa mashine ni ya mradi wenye mkataba, au ya taasisi inayokaguliwa, mikono mbali. Ukizima pale, umemtengenezea mtu programu na umemvunjia mkataba, na mkaguzi atakuta jina lako katika kumbukumbu za mfumo.

Hapo itabidi uingie katika msimbo, na swali ni moja: ile MD5 inafanya kazi gani? MD5 ilibuniwa na Ronald Rivest mwanzoni mwa miaka ya 1990. Inachukua faili la ukubwa wowote na kutoa herufi 32, ambazo ni kama alama ya kidole ya faili hilo. Agosti 2004 Xiaoyun Wang na wenzake walionyesha mafaili mawili tofauti yenye alama moja, na mwaka 2012 ikagunduliwa kwamba kirusi cha Flame kilitumia udhaifu wa aina hiyo kughushi cheti cha Microsoft. Basi kulinda saini au nywila kwa MD5 ni kosa, na mashine iliyokukataza imekufanyia hisani. Lakini programu nyingi haziitumii kulinda chochote. Zinaitumia kuyapa majina mafaili ya muda, au kujua kama picha ya pasipoti ya mgeni imeshapakiwa. Huko hakuna siri na hakuna adui. Python ilitambua tofauti hii, na tangu toleo la 3.9, la 2020, unaweza kuandika hashlib.md5 ukiongeza usedforsecurity=False, yaani unatamka kwamba kazi hii si ya ulinzi. Mashine inakuamini. Kwa hiyo usiseme uongo hapo. Mkaguzi anasoma msimbo pia.

Ikiwa kazi ni ya ulinzi, au unataka amani ya kudumu, hamia SHA-256 kwa njia inayopitia moduli yenye cheti. Nawaonya juu ya jambo ambalo halimo vitabuni. SHA-256 hutoa herufi 64 pale ambapo MD5 ilitoa 32. Hifadhidata nyingi za zamani zina safu iliyopimwa herufi 32 barabara, na baadhi, zikiwa zimesanidiwa kizembe, hukata kinachozidi bila kusema neno. Programu itaandika vizuri, itasoma vizuri, na haitalinganisha kamwe. Hitilafu ya masharti imegeuka hitilafu ya data, na wewe umeshaondoka na malipo yako. Panua safu kwanza, halafu ndipo ubadilishe msimbo.

Nywila zina ugumu wake. Heshi, yaani ile alama ya kidole, haigeuki kurudi nyuma, kwa hiyo huwezi kuchukua nywila 300 zilizohifadhiwa kwa MD5 na kuzihamisha. Unasubiri kila mwenye nywila aingie, unamthibitisha kwa njia ya zamani mara ya mwisho, unaihifadhi upya kwa njia mpya, unafuta ya zamani. Lakini kwenye mashine inayokataza MD5 hata huo uthibitisho wa mwisho haupiti! Hapo uungwana ni kuwaomba watu wote waweke nywila mpya, wanune wanavyonuna. Na njia mpya yenyewe isiwe SHA-256 tupu, kwa kuwa ni ya haraka mno na mwizi anaweza kukisia mabilioni ya nywila. Tumia PBKDF2, ambayo NIST iliiweka katika mwongozo wake wa 2010. Mimi binafsi ningechagua Argon2 kama ningekuwa huru, lakini mwenye masharti si mimi.

Nimeweka M-Pesa hapa kwa sababu ndiko vijana wengi wa Malindi wanakopata riziki ya kuandika programu. Kupitia Daraja, mlango wa Safaricom kwa waandishi wa programu, ukitaka kumtumia mteja pesa, kurudisha muamala au kuuliza salio, unatakiwa kuambatisha kitu kiitwacho SecurityCredential. Nacho ni nywila ya mtumiaji mwanzilishi, iliyosimbwa kwa RSA kwa cheti cha hadharani cha M-Pesa, kisha ikaandikwa kwa base64. Maelekezo yanataka ujazo (padding) wa PKCS #1 v1.5, na yanakataza ule wa OAEP. Sasa angalieni mgongano. Mtindo huo wa v1.5 ulionyeshwa udhaifu wake na Daniel Bleichenbacher mwaka 1998, na Machi 2019 NIST iliandika kwamba usitumike kusafirisha funguo baada ya 2023. OpenSSL 3.4, ya Oktoba 2024, inampa msimamizi wa moduli ya FIPS swichi ya kuufunga kabisa. Kwa hiyo yawezekana seva yako ikakataa jambo ambalo mwenzako wa upande wa pili analidai. Ukitii seva na kuweka OAEP, jibu litarudi kwamba taarifa za mwanzilishi si sahihi, kwa namba 2001.

Namba hiyo ndiyo inayokusaidia kupambanua. Ikiwa programu imekufa kabla ombi halijatoka kwenye seva yako, ni masharti ya huko kwako. Ikiwa ombi limetoka na 2001 imerudi, masharti hayahusiki: umekosea nywila, au ujazo, au umetumia cheti cha majaribio kwenye kazi halisi, kosa ambalo ni la kawaida mno. Na dawa ya mgongano wenyewe ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. SecurityCredential haihitaji kutengenezwa kwa kila ombi. Nywila na cheti visipobadilika, ile ile hutumika tena na tena. Itengeneze mara moja kwenye mashine nyingine unayoiamini, ihifadhi kama siri, na seva yenye masharti isiguse RSA kabisa kwa kazi hiyo. Andika ulipofanya hivyo na kwa nini, mkaguzi akija aone.

Ile “Password” ya kumtokezea mteja ombi la kuweka PIN kwenye simu haimo katika ugomvi huu. Ni namba ya biashara, passkey na muda, vimeunganishwa na kuandikwa kwa base64. Huo si usimbaji fiche. Yeyote anaweza kuurudisha. Nimeshaona watu wakijivunia kwamba wameisimba.

Kuhusu kadi za benki nitapita upesi. Baraza la viwango vya malipo ya kadi liliweka tarehe 30 Juni 2018 kuwa mwisho wa kutumia itifaki ya usalama ya TLS 1.0. Hoteli yenye kompyuta ya Windows 7 na programu ya kuhifadhi vyumba ya zamani ilipoteza mawasiliano na lango la malipo, na hitilafu ikaonekana kama ya mtandao. Fundi akabadilisha kebo. Dawa ilikuwa kuiwezesha TLS 1.2: kuihuisha .NET, au kuweka SchUseStrongCrypto kwenye rejista. Ukikuta programu inayoweza kufungua tovuti zote isipokuwa lango la malipo, anzia hapo.

Na sheria yetu je? Sheria ya Kulinda Data ya 2019, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba mwaka huo, inataja usimbaji katika kifungu cha 41 miongoni mwa hatua za kuzingatiwa, bila kutaja algoridhimu hata moja. Kifungu cha 43 kinampa mdhibiti wa data saa 72 kumwarifu Kamishna wa Data baada ya kujua kwamba kumetokea uvujaji, lakini kinaweza kumwondolea wajibu wa kuwaarifu wahusika wenyewe ikiwa alikuwa ameweka ulinzi unaofaa, usimbaji ukiwemo. Mimi naona busara kutotaja algoridhimu sheriani, kwa kuwa bunge haliwezi kukimbizana na watafiti. Ila ina gharama yake: anayeamua kipi “kinafaa” ni wewe fundi, na siku ya kesi utatakiwa kueleza. Kwa sababu hiyo taasisi zetu huazima orodha ya Marekani, ambayo angalau imeandikwa.

Orodha hiyo nayo inasogea. Vyeti vyote vya 140-2 vimepangiwa kuhamishiwa katika orodha ya kihistoria tarehe 21 Septemba 2026, na baada ya hapo aliyefungwa na masharti hatakiwi kununua mfumo mpya unaovitegemea. Kwa hiyo mteja wako akiletewa programu inayodai kukidhi FIPS, muulize muuzaji namba ya cheti cha moduli. Akijibu kwamba wanatumia AES-256, hajakujibu. Akikupa namba, itafute katika daftari la NIST, ambalo liko wazi kwa yeyote mtandaoni: utaona jina la moduli, toleo, mashine ilikojaribiwa, na kama cheti kingali hai. Linganisha toleo hilo na lililosakinishwa kwenye kompyuta iliyo mbele yako, kabla ya kutia saini ya kupokea.